Homa ya mgunda: maswali ya wasomaji wa Lamu

Hii homa ya mgunda ni nini? (Msomaji, Langoni)

Ni ugonjwa wa bakteria waitwao leptospira, ambao hukaa katika figo za wanyama na kutoka na mkojo wao. Jina la mgunda lilienea Julai 2022, ulipozuka mkoani Lindi, Tanzania, na kuua watu watatu.

Je, tuwalaumu punda wetu? (Mama wa watoto wanne, Mkomani)

Punda aweza kuambukizwa, kama ng'ombe, mbuzi na mbwa, lakini mshukiwa mkuu ni panya, ambaye huishi na bakteria hawa miezi mingi bila kuonekana mgonjwa. Mvua za masika zinapofurisha mitaro ya vichochoroni, mkojo wa wanyama wote hao huchanganyika na maji yanayopitwa na watoto miguu mitupu, na bakteria hupenya kwenye mchubuko, kwenye magaga ya kisigino, au kwenye macho na mdomo. Kwa maoni yangu, viatu vya mpira na kuzoa taka kabla ya usiku vina faida kubwa kuliko kumfukuza punda.

Mimi ni mvuvi, nihofie bahari? (Msomaji, Matondoni)

La. Bakteria hawa hawastahimili maji ya chumvi wala ukavu. Hofia maji baridi yaliyotuama, ambamo huweza kuishi kwa wiki kadhaa.

Kisima chetu hakina kifuniko. Tufanyeje? (Msomaji, Shela)

Kifunikeni leo, hata kwa mbao, panya wasipite juu yake wala wasitumbukie. Maji ya kunywa yachemsheni hadi yatokote. Kata ya kutekea itundikwe, isiachwe chini.

Nilipimwa malaria, sikuwa nayo, ila homa haiishi. (Msomaji, Langoni)

Hapa ndipo wengi hupotea njia. Dalili huanza takriban siku 5 hadi 14 baada ya maambukizi: homa ya ghafla, kichwa kuuma, macho kuwa mekundu bila usaha, na maumivu makali ya misuli, hasa ya vigimbi. Mweleze daktari kwamba ulikanyaga maji ya mtaro au ulizoa panya waliokufa, kwani asipoambiwa huenda asiwaze ugonjwa huu. Doksisaiklini au penisilini hufaa zaidi zikianzwa mapema, kwa agizo lake, si kwa kununua dukani kwa kukisia. Macho yakigeuka manjano au mkojo ukipungua, maini na figo zimeguswa, nawe nenda hospitali usiku huo huo, hata kama ni kwa mashua.