"Uweke mwisho kabisa"

Mhariri, wiki hii mmeuliza: wimbo wa siasa unaotolewa mtandaoni tu, pembeni ya albamu na bila kutegemea redio, unamfikia nani? Najibu kwa niliyoyaona Machi 2017, nilipokuwa na kibanda cha kuwekea watu nyimbo kwenye simu na memori kadi hapa Dar es Salaam.

Ney wa Mitego, msanii wa rap, ndiyo kwanza alikuwa ameachia "Wapo", wimbo wa kuikosoa serikali. Tarehe 26 akakamatwa Morogoro, BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, nao wakaufungia wimbo. Basi kibandani kwangu ukawa ndio unaoulizwa. Mzee mmoja, mtumishi wa serikali, shati limenyooka kwa pasi, alinipa kadi iliyojaa taarabu na nyimbo za dansi za bendi ya Msondo. Akainama dirishani: "Mwanangu, niwekee na ule wa Ney. Ila uweke mwisho kabisa, na jina ubadilishe." Nikauandika "Wimbo 58". Alilipa, akachomeka hedifoni, akausikiliza mara mbili palepale chini ya mwavuli wangu, ndipo akavuka barabara.

Kwangu mimi huo ndio upande B wa zama hizi. Waliokulia kwenye santuri ndogo wanajua kwamba wimbo wa dansi ukiwa mrefu ulikatwa: sehemu ya kwanza upande A, ya pili upande B. Hukugeuza santuri, hukuusikia wimbo wote, na mara nyingi magitaa yalikuwa yanachemkia huko huko nyuma. Sijawahi kukubali kwamba upande B ni makapi.

Tarehe 27 Waziri wa Habari na Sanaa, Mwakyembe, akatangaza kwamba Rais Magufuli ameagiza Ney aachiwe na wimbo upigwe, tena ameshauri Ney aongezee wengine wa kusemwa humo, wakiwemo wakwepa kodi. Mtaani watu walishangilia. Nami nilifurahi kijana kutoka, lakini moyo haukutulia. Jana ni kosa, leo ruksa, na hakuna neno hata moja lililobadilika ndani ya wimbo.

Kuna jambo linaniuma mpaka leo. Katika nakala zote nilizotoa pale, Ney hakupata hata senti yangu. Wimbo wa mapenzi una redio, una harusi, una matangazo ya biashara. Huu ulibebwa na sisi wa vibandani, na hatukumlipa. Anayeimba siasa anajua hilo kabla hajaingia studio, na bado anaingia. Ndiyo maana nawaheshimu.

Kwa hiyo unamfikia nani? Unamfikia aliyeinuka kwake akaja kuuomba kwa mdomo wake. Mzee yule alirudi wiki iliyofuata kuongeza taarabu. Nikamwambia wimbo umesharuhusiwa, je, niurudishie jina lake? Akaitazama kadi kiganjani, akanirudishia.

"Uache hivyo hivyo, mwanangu."