Maji ya Shisha na Kichwa Kinachouma

SWALI: Ndugu Mhariri, niliandaa shisha nyumbani, nikafunga madirisha kwa sababu ya kiyoyozi. Maji yalipanda hadi kwenye mpira wa kuvutia moshi, na baada ya nusu saa kichwa kiliniuma vibaya. Nilikosea wapi?
Msomaji, Maskati

JIBU: Ndugu msomaji, la maji ni dogo: yafunike ncha ya bomba kwa sentimita 2 au 3 tu, kwani yakizidi huvutwa hadi kwenye mpira. Linalonitia wasiwasi ni kichwa chako. Makaa yanayowaka juu ya foili inayofunika tumbaku hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hukaa katika damu mahali pa oksijeni, na maji hayaichuji, ingawa huupoza moshi ukafika kinywani laini kama mvuke wa chai. Hata makaa yaliyokolea moto na kufunikwa jivu jeupe pande zote huendelea kuitoa. Kwa hiyo nakusihi usivute tena ndani ya chumba kilichofungwa, na ukiweza, uiache kabisa. Ukihisi kizunguzungu au kichefuchefu, toka nje mara moja; hali isipotulia, nenda hospitali na umweleze daktari kwamba ulikuwa ukivuta shisha ya makaa.