Mwanangu, kuhusu Vardø

Mwanangu,

Barua yako imefika, na ile picha pia. Sisi hatujambo, isipokuwa mguu wa mama yako, ambao ukimuuliza mwenyewe atakwambia haujambo. Umeniuliza jambo moja tu: umepata kazi ya kukagua ubora kwenye kiwanda cha samaki Vardø, kule kaskazini kabisa mwa Norwei, uichukue au ubaki Tromsø? Mama yako anasema nikupigie simu nikupe maneno mawili, yaishe. Lakini nimekaa barazani tangu alasiri na picha yako ya ule ukumbi mrefu wenye vidirisha na taa, na maneno mawili sijayapata.

Nianze na baridi, maana najua ndiyo inayokuogopesha. Baridi ya Vardø inavumilika. Bahari ile haigandi hata Januari, kuna mkondo wa maji yenye uvuguvugu unaotoka Atlantiki. Tabu ni upepo. Mti wa kuukinga hakuna, na kisiwa chenyewe kimebanwa katikati kama kiuno cha nyigu, kwa hiyo upepo ukikukosa upande huu unakupata ule. Halafu kingine ambacho ramani haikwambii: mji ule uko mashariki kuliko Istanbul. Ukishuka moja kwa moja kusini kutoka Vardø, usipinde popote, unatokea Mpanda. Nilipomweleza baba yako mdogo hakukubali mpaka nilipoleta atlasi.

Mimi nilifika Januari 1987, mwanafunzi sina hela, nimeambiwa kiwanda kimoja kule kinatafuta mikono. Unakijua kisa hiki, umekisikia kila Ramadhani. Basi likaingia kwenye handaki lililopita chini ya bahari, la kwanza la aina hiyo Norwei, lilikuwa limefunguliwa 1982, karibu kilomita tatu, na mahali pa chini kabisa ni mita 88 chini ya uso wa maji. Niliisoma Ayatul Kursi mara mbili, na tulikuwa bado hatujaanza kupanda.

Siku ya tatu nikasikia mzinga. Wallahi nilidhani vita. Kumbe kule jua linapotea tangu mwishoni mwa Novemba, na siku linapoonekana tena duara zima juu ya maji, wanajeshi wa ngome ya Vardøhus wanapiga mzinga na watoto wa shule wanapewa mapumziko. Nilisimama kwenye theluji nikacheka peke yangu, nikakumbuka mzinga wa kufuturu. Watu wazima walitoka majumbani, wakageuza nyuso zao kule kwenye jua, wakafumba macho. Hakuna aliyezungumza. Lilikaa kitambo kidogo tu likazama.

Sasa mji wenyewe. Kanisa lilikuwepo pale tangu 1307, ngome unayoiona leo ilijengwa miaka ya 1730, hadhi ya mji ikaja 1789. Hayo utayasoma kwenye vibao. Mimi nilichokipenda ni Wapomor, wale Warusi wa Bahari Nyeupe waliokuwa wakija na merikebu kila kiangazi wakileta unga na mbao, wakirudi na samaki. Biashara ile ilidumu mpaka mapinduzi ya Urusi 1917 yakaikata. Hawakuwa na lugha moja, wakajitengenezea yao ya sokoni, nusu Kirusi nusu Kinorwei, na jina lake lilikuwa *moja på tvoja*. *Moja* maana yake mimi. Mzee mmoja aliponitamkia nikamjibu “mbili”, akabaki kunitazama. Sisi watu wa pwani tunaijua lugha inayozaliwa kwenye vipimo vya unga. Kisha ikaja vita, mwaka 1944 mabomu ya Warusi na moto wa Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma, sehemu kubwa ya mji ikawa majivu. Ndiyo maana nyumba nyingi utaziona mpyampya kidogo kwa mji wa umri ule.

Ila hayo si niliyotaka kukuambia.

Nimelisema hili mpaka kaka zako wanalimalizia kabla yangu: mji wa wavuvi hushikwa na wanawake. Samaki anaingia kwa mkono wa mwanaume, lakini anakuwa pesa kwa mkono wa mwanamke. Vardø niliwaona wamepanga mstari kwenye meza ya minofu, aproni nyeupe, buti, redio juu ya kabati, na kila mmoja na kisu chake ambacho hakiazimwi. Jirani yangu mezani alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu. Yeye ndiye aliyenifundisha yule samaki wao, *torsk*, cod kwa Kiingereza, ambaye sisi hatuna hata jina lake. Kisu kinaingia nyuma ya kichwa, unasikia mfupa, unaufuata mfupa mpaka mkiani bila kuukata. “Usimkate samaki, msikilize,” ndivyo alivyokuwa akisema, kwa Kinorwei cha polepole ili nielewe. Siku ya kwanza niliharibu samaki wengi kiasi kwamba nilivificha vipande chini ya barafu. Aliviona. Akavitoa, akavipeleka kwenye kreti ya chakula cha mifugo, hakumwambia msimamizi.

Mwezi wa pili kukavuma siku mbili. Mashua moja ndogo haikurudi. Mdogo wake yule mama alikuwemo. Kiwandani hakuna aliyesema kitu, visu vilienda tu. Saa ya kahawa kijana mmoja, kwa ajili ya kuvunja ule ukimya nadhani, akauliza: “Leo nani kafungua fundo?”

Wewe umeshasimama Steilneset, penye kumbukumbu ya waliouawa kwa tuhuma za uchawi, umeona kila kidirisha na taa yake na jina lake, 91. Hayo yalijengwa 2011. Enzi zangu palikuwa rasi tu yenye upepo, na kisa kilikaa midomoni mwa watu. Mkesha wa Krismasi 1617 dhoruba ilizamisha mashua kumi za Vardø na Kiberg, wanaume arobaini wakafa siku moja. Miaka mitatu minne baadaye wakaanza kushikwa wanawake. Mmoja wao, Else Knutsdatter, alikiri kwamba walifunga kamba mafundo matatu, wakayatemea mate, wakayafungua, na bahari ikapanda kama majivu. Alikiri kwa njia gani, usiniulize. Walikuwa wakiwatupa baharini: ukielea ni mchawi, ukizama, haya, si mchawi. Wakachomwa. Mambo yale yaliendelea karne nzima, mpaka 1692, mkoa wote wa Finnmark, wanaume wachache na wanawake 77.

Basi lile ndilo fundo alilolitaja yule kijana. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, mwanangu. Kisa nilikijua nusunusu, lakini nilicheka kwa sauti, kwa kuwa nilikuwa mgeni na kile kilikuwa kicheko cha wenyeji.

Yule mama akaweka kikombe chini. Hakumtazama yule kijana. Alinitazama mimi. “Na wewe?” Akanyanyuka, akarudi mezani kabla kengele haijalia.

Bibi yangu mzaa baba, unajua alihamia Tanga, na unajua kwa nini, ijapokuwa nyumbani tunasema alifuata shamba. Ile ngalawa ilipotea kaskazi ikivuma, na mmoja wa wale wawili alikuwa na deni kwa bibi, deni la ng'onda, samaki wakavu, na watu waliwasikia wakigombana. Hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba watoto walitunga kiwimbo, na mimi nilikuwa na miaka tisa, na nilikiimba. Nilikuwa nakiitikia na wenzangu tukitoka madrasa, na bibi anapepeta mchele mlangoni kwake.

Labda nazidisha. Mama yako hupenda kuniambia nazidisha. Watu wa bahari wanataniana na mauti kila siku, bila hivyo nani angeingia chomboni? Na mashua yenyewe ilirudi usiku ule, injini imekufa, imekokotwa na nyingine, yule mdogo wake mzima kabisa isipokuwa vidole viwili. Kesho yake yule mama alinifundisha kazi kama kawaida. Kuomba radhi nilitaka. Nilitafuta maneno kwenye kamusi, nikayaandika kwenye karatasi, karatasi ikakaa mfukoni mpaka Pasaka nikaondoka nayo.

Sasa turudi kwako, maana naona jua linakuchwa na sijajibu.

Nilipokuwa pale walikuwa wanaanza kufika Watamil wa Sri Lanka kufanya kazi za minofu, na mji ulijiona hauna mwisho. Miaka miwili baadaye, tarehe 18 Aprili 1989, serikali ikasimamisha uvuvi wa torsk wa pwani kwa sababu samaki walikuwa wamepungua mno. Mwaka uliofuata mashua zilizokuwa zimevua vya kutosha zikapewa kila moja mgao wake. Nimewafundisha wanafunzi hapa chuo cha uvuvi Mbegani jambo hilo miaka yote, na bado najibishana nalo. Samaki waliongezeka, hilo ni kweli, siwezi kulikataa. Lakini mgao nao ulikuja kugeuka mali. Mtu akiuza mashua anauza na mgao, mashua inahamia mji mwingine, na samaki wa mbele ya dirisha lako wanashushwa bandari ya mbali. Meza za minofu zikafungwa. Walioondoka kwanza ni wasichana. Mji uliokuwa na watu zaidi ya 4,000 sasa una kama 2,000.

Upande wa pili, wale watu tangu mwaka 1938 wana sheria inayokipa chama cha wavuvi haki ya kusimamia mauzo ya kwanza, na chama ndicho kinachoweka bei ya chini. Mvuvi hasimami ufukoni saa nne ya jua kali akimbembeleza dalali kama mjomba wako pale mnadani Bagamoyo. Kwa hilo tu ningekwambia nenda ukaone. Na huyo kaa mkubwa wanayemsindika huko kiwandani, waliyemleta wanasayansi wa Kisovieti miaka ya 1960 akatembea mwenyewe mpaka Norwei, yeye hakuwa akisindikwa wakati wangu, kwa hiyo pengine mji ninaoujua mimi si huo unaoitiwa wewe.

Sikwambii nenda. Sikwambii usiende. Ulimi unanicheza, lakini mama yako yuko hapa nyuma anasoma begani kwangu na nimemwahidi. Ninachokuomba, kabla hujasaini, nenda tena wikiendi moja, ukae mahali pa kahawa, uhesabu wanawake wa umri wako. Uhesabu waliobaki na waliorudi, usiwahesabu waliokuja kutalii.

Na kile kisu cha mpini wa mbao, ambacho mama yako anakatia samaki changu na haruhusu mtu mwingine akiguse, ndicho alichonipa yule mama siku naondoka. Alikizungushia gazeti, akaniambia nikinoe pande zote mbili sawa. Kama utakwenda, nilitaka ukichukue. Nimemwuliza mama yako. Amesema nikununulie kingine.

Baba yako