Watoto wa kasa hawahitaji beseni

SWALI: Tulikuwa karibu na Watamu likizo ya Agosti. Saa tisa mchana tukakutana na kijana wa bichi mwenye beseni la watoto wa kasa, labda ishirini. Alisema amewaokoa na kunguru na kaa, na kwamba jua likitua kila mtoto wangu angeachia mmoja baharini kwa shilingi 500. Tulilipa, watoto walifurahi sana. Je, tulisaidia? Na tukiwakuta wenyewe mchangani, tuwabebe hadi majini? – Mama Zuhura, Thika

JIBU: Hapana, Mama Zuhura, kwa yote mawili. Sikulaumu wewe. Barua za beseni napata kila likizo, na kila mara neno ni lile lile: "amewaokoa".

Hebu itazame saa uliyoitaja. Watoto wa kasa wakishaanguliwa hungoja chini ya mchanga hadi upoe, ndiyo maana wengi hutoka usiku. Mwenye beseni limejaa saa tisa mchana ama amewashikilia tangu usiku uliopita, ama amechimbua kiota. Sioni uokoaji katika lolote kati ya hayo.

Kinachoniudhi zaidi ni imani kwamba majini ndani ya beseni "wanapata nguvu". Wanazimaliza! Mtoto wa kasa hutoka na masalia ya kiini cha yai tumboni, na hicho ndicho chakula chake cha safari. Akigusa maji tu huanza kuogelea kama mwendawazimu, karibu siku nzima bila kupumzika, avuke miamba yenye samaki wakali afike bahari kuu. Umewaona wakigongagonga ukuta wa plastiki? Safari yenyewe ilikuwa hiyo, imeishia humo. Jioni unamwachia mtoto aliyechoka, mahali pale pale walipoachiwa wenzake jana, ambapo samaki wameshapajua.

Kumbeba pia ni kumharibia, kwa kuwa njia hujitafutia mwenyewe hatua kwa hatua. Mchangani hufuata upande wenye mwanga, ambao zamani ulikuwa bahari. Majini huyakabili mawimbi, kisha hushika usumaku wa dunia. Sasa mwanga wa zamani umepata mshindani. Asubuhi moja nilifuata alama za kiota kizima, nyembamba kama za gurudumu la baiskeli ya mtoto: zilipinda kuelekea ukuta wa hoteli, zikazunguka nguzo ya taa, zikaishia chini ya viti vya kuotea jua. Siafu walikuwa wamefika kabla yangu. Laiti taa moja tu ingezimwa.

Halafu kuna hawa wanaohamisha mayai "mahali salama" bila mafunzo. Yai la kasa si la kuku. Saa chache baada ya kutagwa, kiinitete, yaani mtoto anayeanza kuumbika, hujishika upande wa juu wa ganda; ukiligeuza umekiua, ingawa kwa nje yai linabaki jeupe na zuri. Mtu atalifukia vizuri, atapigwa picha, atangoja karibu miezi miwili na hakuna kitakachotoka. Joto nalo lina kazi yake: mchanga wenye joto zaidi huzaa majike, uliopoa huzaa madume, kwa hiyo hata kivuli ulichokichagua kwa huruma kinabadilisha kizazi. Viota vinavyofikiwa na maji bamvua, yaani maji yanapojaa kuliko kawaida, huhamishwa kweli, na walinzi waliofunzwa, kwa kibali. Kasa wanalindwa na Sheria ya Wanyamapori ya 2013. Kijana wa beseni hana kibali, na shilingi 500 zako ndizo zitakazomrudisha kiotani kesho.

Siku mkiwakuta wanatoka, simameni nyuma yao, upande wa nchi kavu, simu zote zimezimwa taa. Pigieni askari wa hifadhi ya bahari. Na yale mashimo watoto wako waliyochimba mchana wakicheza, yafukieni kabla ya magharibi: mtoto wa kasa ana urefu wa kidole, akitumbukia humo hapandi tena.