Mwanangu Zuhura, kuhusu huo udalali wa nyumba

Mwanangu Zuhura,

Marahaba. Huku hatujambo, baba yako kaenda stendi ya Kange kupokea mzigo, nami nimepata nafasi ya kukujibu. Umeniuliza kama ni busara uache kaunta ya benki hapo Dar urudi Tanga uwe dalali wa nyumba na viwanja, na hiyo leseni inapatikana wapi, maana hutaki kuwa dalali wa kijiweni.

Leseni ndiyo rahisi, tuimalize kwanza. Kitambulisho cha NIDA unacho. Unachukua TIN, ile namba ya mlipakodi, ya biashara kwa watu wa kodi, TRA, unasajili jina la biashara kwa wakala wa usajili, BRELA, kwa mtandao, kisha unaomba leseni ya Halmashauri ya Jiji kupitia Tausi, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri. Uwe na mkataba wa pango la ofisi, hata kama ofisi yenyewe ni chumba kimoja Chumbageni. Wenzetu Kenya wana sheria yao ya mawakala wa majengo na bodi ya kuwasajili, muulize shangazi yako wa Mombasa. Huku habari ya kuwasajili madalali inazungumzwa miaka sasa, basi pita na ofisi ya ardhi ya mkoa uulize wamefikia wapi. Bodi ya wathamini ipo, kwa sheria ya 2016, na hao usiwaingilie: mteja akitaka thamani ya nyumba kwa ajili ya mkopo, mpeleke kwa mthamini aliyesajiliwa, wewe usiandike hata tarakimu moja. Na ukisikia kuna wageni wanaofungua ofisi za udalali, amri ya serikali ya mwaka 2025 imewakataza wasio raia kufanya kazi hiyo. Kwa hiyo uwanja ni wenu.

Sasa, leseni haikufundishi kusoma hati, na mimi niliyekaa masijala ya ardhi mpaka nikastaafu naona hapo ndipo penye kazi.

Ukipewa hati, anza na jina. Lilinganishe na kitambulisho cha muuzaji herufi kwa herufi. Halafu namba ya kiwanja na kitalu. Halafu muda, miaka 33, 66 au 99, na ulianza lini. Mtu anaweza kukuletea hati ya miaka 33 iliyoanza 1995, imetunzwa kwenye nailoni inang'aa, kumbe inaisha 2028! Halafu matumizi, maana kiwanja cha makazi hakigeuki cha gereji kwa kuwa mnunuzi ana hamu. Angalia na kama kodi ya pango la ardhi imelipwa. Ukimaliza yote hayo bado hujamaliza: peleka ombi la upekuzi kwa msajili wa hati, akujibu kwa maandishi kama pana rehani au zuio. Zamani mafaili yetu ya Tanga yalikuwa ofisi ya kanda, mpaka uende Moshi. Siku hizi mkoa una ofisi yake, kwa hiyo hakuna kisingizio. Na wewe wa benki unajua kwamba hati ikiwekwa rehani benki ndiyo inayoishika. Muuzaji mwenye kivuli cha hati na maneno kwamba halisi iko kwa mwanasheria, huyo mwache aende zake.

Lakini Tanga, mama, mtihani wako mkubwa utakuwa nyumba za urithi, hasa Ngamiani. Ipo moja niliyoifuatilia mwenyewe, ya udongo na mabati yenye kutu, kwenye barabara nzuri ya biashara. Ndugu watatu wakaiuza, dalali akala kamisheni yake, mnunuzi akaanza kubomoa ukuta wa uani. Akatokea dada yao kutoka Pemba. Kumbe walichokuwa nacho wale watatu ni muhtasari wa kikao cha ukoo, una sahihi na dole gumba kila mahali, na mnunuzi akadhani ndiyo mirathi. Muhtasari ule ni wa kupeleka mahakamani ili msimamizi ateuliwe, haumpi mtu mamlaka ya kuuza hata banda la kuku. Shauri likaenda Baraza la Ardhi na Nyumba. Unajua nani alitafutwa mtaani usiku na mchana? Dalali. Wauzaji walishagawana na kutawanyika.

Kwa hiyo nyumba ya marehemu, omba barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi. Nyumba ya mtu na mkewe, omba ridhaa ya mwenzake kwa maandishi, Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema hivyo kuhusu nyumba ya wanandoa. Mwenye nyumba akikasirika ukimuuliza mkewe yuko wapi, hiyo hasira nayo ni jibu.

Kule pembeni, Pongwe, Mwahako mpaka Chongoleani, ni habari nyingine. Tangu jiwe la msingi la bomba la mafuta liwekwe 2017 kila mwenye mkorosho anajiona tajiri, na kipande kimoja kinaweza kuuzwa kwa watu wawili. Hapo nenda mchana, tembea mipaka kwa miguu, tafuta bikoni, yale mawe ya mpaka, kwenye majani usome namba zake, kisha kaa na jirani wa kila upande. Na mgeni asiye raia akitaka kununua, mweleze mapema kwamba ardhi hamilikishwi ila kwa uwekezaji, kwa utaratibu wake.

Kuhusu fedha, kupangisha utapata kodi ya mwezi mmoja kama ilivyozoeleka, na kwenye mauzo ni asilimia mtakayokubaliana. Ikubalini kwa maandishi na mwenye mali kabla hujamleta mteja, la sivyo watakutana nyuma yako. Kitu nisichokitaka kwako ni cha juu. Muuzaji kasema milioni 12, wewe unamwambia mnunuzi 15, tatu inaingia mfukoni. Najua kijiweni wanaona ndiyo ujanja, lakini mji huu mdogo, hao wawili watakutana msikitini. Wakumbushe pia asilimia 10 ya TRA kwenye faida ya muuzaji na ushuru wa stempu. Wakitaka kuandika bei ya uongo kwenye mkataba, usiweke sahihi yako kama shahidi.

Na usimpeleke mwanaume usiyemjua kwenye nyumba tupu Raskazone jioni peke yako. Sitaki mjadala hapo.

Basi jibu langu ni kwamba kazi unaiweza, ila benki usiiache mwezi huu. Chukua likizo yako uje, nitakupeleka masijala uone faili linavyosomwa, wapo bado wanaonijua. Jirani yetu ana vyumba viwili vya kupangisha uani, nimemwomba asimpe mtu mpaka ufike, uanze navyo. Ukipanda basi nipigie ukifika Segera, baba yako aje kukupokea.

Mama yako