Mboji ya kuoteshea mbegu, nirudie au nimwage?

SWALI: Shikamoo bwana shamba. Nina kabustani ka mboga nyuma ya nyumba, msimu uliopita niliotesha nyanya, hoho na kabichi kwenye trei. Hoho na kabichi zilitoka poa, ila nyanya ziliota vizuri tu halafu siku ya tatu zikaanza kulala mmoja mmoja, ukiangalia pale shingoni pamesinyaa kama pamekazwa uzi, zikafa karibu zote. Sasa nina ndoo mbili za mboji imebaki, na nilishachanganya yote pamoja kabla sijawaza. Naweza kuoteshea tena? Kutupa kunaniuma kwa kweli.

JIBU: Marahaba. Hapo kwenye "nilishachanganya" ndo nimeguna. Ungeacha ya hoho na kabichi pembeni tungeongea mengine, ila sasa hivi zihesabu ndoo zote mbili kuwa zina ugonjwa. Huo unaitwa kinyausi, unaletwa na ukungu na jamaa zake wa kwenye udongo, kina Pythium na Rhizoctonia, na hao wakishamaliza mche hawaendi popote, wanabaki humohumo kwenye mboji wanasubiri mche mwingine mlaini. Kwa hiyo mbegu usiweke humo.

Lakini usitupe. Kinyausi kinapenda vitoto, mmea ulioshakomaa shina mara nyingi haukijali, so mboji hiyo changanya na samadi iliyooza vizuri (chakula cha mboji yenyewe kimepungua, miche imeshakula na maji yameosha kingine) halafu tia kwenye mashimo ya mgomba au kwenye mahindi yaliyokwishakua, au mwaga kwenye rundo lako la mboji. Pale utakapopanda nyanya, hoho au bilinganya mimi nisingeiweka, hizo ni ndugu na magonjwa yao ni yaleyale.

Ukitaka lazima uoteshee tena, basi ipige joto. Ilowanishe, itandaze isizidi kina cha sentimita 15, funika na nailoni inayoonyesha, sio nyeusi, bana kingo na udongo uache kwenye jua kali wiki 4 mpaka 6. Wengine wanatumia oveni, nusu saa katikati ya udongo kukiwa nyuzi joto 82 za Selsiasi hivi, ukizidisha sana unaichoma na inatoa vitu vinavyoumiza miche. Nilijaribu mara moja, harufu ilikaa jikoni siku mbili, nyumbani nikaambiwa nichague oveni au bustani.

Ikitoka hapo itakuwa imeshikana na laini kama unga, ongezea mchanga mkavu wa kutosha ukiikamata mkononi ukaachia imeguke yenyewe. Kama ni ya nyuzi za nazi na imekauka mpaka maji yanateleza juu, tumia maji ya vuguvugu, taratibu.

Na trei je, uliziosha? Maana wengi wanahangaika na udongo halafu trei ina matope ya mwaka jana pembeni. Sugua kwanza, kisha loweka dakika 10 kwenye maji vikombe 9 na kikombe 1 cha dawa ya klorini ya kufulia, suuza, anika. Halafu punguza maji bwana, na usimwage mbegu kama unalisha kuku, miche iliyobanana kwenye mboji inayochuruzika itapata kinyausi hata ukinunua mfuko mpya leo.