Usipande paa mchana kutafuta maji ya usiku

Jumanne usiku nimepata meseji ya dada mmoja wa Moshono, Arusha, nimeisoma mara mbili na usingizi ukaisha. Anasema, "Kaka habari, nakusoma siku zote. Nyumba yangu ya paa la kuficha ina miaka miwili tu, sebule inavuja, huyu ni fundi wa tatu, silikoni nimeshanunua chupa kumi na moja na sasa hivi nakuandikia ndoo iko pembeni ya TV. Nifanyeje?"

Nikamuuliza kitu kimoja tu, dada, huwa inadondosha saa ngapi? Akakaa kimya kama dakika kumi hivi halafu akajibu, "Kaka, mafundi wote hao hakuna aliyewahi kuniuliza hilo."

Hapo ndo nikaona lazima niandike, maana hao mafundi watatu nawajua, sio kwa sura, nawajua kwa sababu na mimi nilikuwa hivyo hivyo na ilinigharimu.

Wengi mnajua nilikaa Muscat, Oman, miaka sita nikifanya kazi kwenye kampuni ya matengenezo ya nyumba, jina la kampuni silitaji. Miaka miwili ya kwanza ni kubeba na kukoroga tu. Wa tatu wakanipandisha wakaniweka upande wa mapaa, na we fikiria kijana wa Pasua Moshi umeenda kutafuta hela ya kiwanja, umepewa ofa ya fundi kamili, nilijiona nimeshafika.

Sasa paa la kule sio kama la kwetu. Nyumba nyingi juu ni zege tambarare, limelazwa membreni ya lami, yaani karatasi nene ya kuzuia maji, wengine juu yake wanamwaga sakafu nyembamba na vigae, kuna kiukuta kifupi kinazunguka, na hapo hapo juu ndo pana tangi za maji na mashine za AC. Mvua kwa mwaka mzima ni kama milimita 100 tu, nyingi zinakuja kipindi cha baridi kuanzia Desemba hadi Machi. Mtu atasema basi jangwani hamna kazi ya paa kuvuja. Kazi ipo, tena ipo nyingi, kwa sababu kule adui wa kwanza wa paa ni jua, mvua inakuja tu kukuonyesha jua limefanya nini.

Nieleze kidogo hapa kwa sababu ndo msingi wa kila kitu. Zege la urefu wa mita 10 likipata joto la nyuzi 40 zaidi ya lilivyokuwa alfajiri, linarefuka karibu milimita 4, jioni linarudi. Bati la mita 6 kwa tofauti hiyo hiyo linarefuka karibu milimita 3. Kila siku linaenda linarudi, linaenda linarudi, mwaka mzima. Lami inakauka inakuwa ngumu kama biskuti, inapasuka, na sehemu yenye unyevu chini membreni inavimba kama chapati kwenye kikaangio. Kitu cha rangi nyeusi juani kule kinapita nyuzi 70, huwezi kuweka kiganja. Ndo maana Oman kuna sheria, Juni hadi Agosti kazi za juani zinasimama kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu.

Turudi kwenye kisa. Kulikuwa na nyumba moja Seeb, hapo pembeni ya Muscat, familia iliyowahi kuishi Unguja, na bibi wa pale ndani anaongea Kiswahili safi kunishinda mimi. Siku ya kwanza nimeingia nasalimia kwa Kiarabu changu cha kubabaisha akaniambia, "Sema Kiswahili mwanangu, watokea wapi?" Shikamoo ikanitoka yenyewe, karibu nilie, mwezi wa ngapi huo sijaamkia mtu.

Dari la korido karibu na chumba chake lilikuwa na doa, la njano katikati, pembeni limeota chumvi nyeupe unaikwangua kwa kucha inadondoka kama unga. Ilikuwa Januari, mvua imetoka kunyesha. Nikapanda saa nne asubuhi, nikapima nikaona hapa ndo juu ya doa, nikaona ufa, nikasafisha, nikapaka, nikashuka. Kazi imeisha. Machi wakaniita tena, doa limerudi. Nikapaka tena, safari hii eneo kubwa zaidi. Juni wakaita mara ya tatu, na Juni hiyo hata wingu hamna! Nikapanda saa nne asubuhi kama kawaida yangu, paa kavu kabisa, nikapaka mara ya tatu juu ya nilipopaka kwa sababu sikuwa na akili nyingine.

Iliporudi mara ya nne msimamizi aliniita mbele ya wenzangu kumi na kitu akaniambia mimi ni mtu wa kubeba ndoo, sio fundi, na mshahara wa mwezi mzima ukakatwa kufidia vifaa. Mwezi ule nyumbani sikutuma kitu. Mama alinipigia akauliza kama naumwa, nikamwambia ndio naumwa.

Nimesimama koridoni kwa yule bibi najiandaa kupaka mara ya nne, bibi kakaa kitini na tasbihi yake akaniambia, "Mwanangu, mbona waja mchana siku zote? Hapa padondoka nikiamka kuswali alfajiri. Jua likitoka pamekwisha."

Nikamwomba ruhusa mwanae, kesho yake saa kumi na nusu alfajiri niko juu na tochi. Pampu ya chini ilikuwa inajaza tangi usiku, boya la tangi limekwama halifungi, maji yanamwagika polepole ubavuni mwa tangi, yanatambaa juu ya vigae membamba kama nailoni, unayaona kwa ule mng'ao wa tochi tu. Nikayafuata kwa magoti. Yalienda hadi kwenye kona chini ya kile kiukuta, na pale membreni ilikuwa imeachia ukuta, imefungua mdomo wa kuingia ncha ya kidole, maji yanaingia humo kimya kabisa wala hayatoi sauti. Kutoka pale hadi kwenye doa nilipima baadae, mita 4 na kidogo! Yalikuwa yanasafiri chini ya vigae hadi yapate tundu la kushukia. Saa mbili asubuhi paa lote lilikuwa kavu. Yaani kila nilipopanda saa nne ushahidi ulikuwa umeshakunywewa na jua.

Nikarekebisha boya. Ile kona nikaifungua, nikaiacha ikauke, nikasugua hadi zege safi, nikapaka praima ya kushikisha, nikachomelea kipande kipya cha membreni kikapanda ukutani sentimita 20, juu nikakibana na utepe wa alumini na skrubu. Haikudondosha tena hadi naondoka. Bibi alinipa kahawa na halua na dua ndefu. Mshahara wangu hawakunirudishia, na ninavyoandika hapa bado unaniuma, sio hela, ni ile kuitwa mbeba ndoo mbele za watu.

Sasa kwa nini nawaambia ya jangwani na nyie mko huku Arusha na Moshi, Njiro na Soweto na Rau. Kwa sababu najua ndoto zenu, kila mtu anayejenga saa hivi anataka paa la kuficha, ukuta umepanda juu, bati halionekani, nyumba inapendeza kwenye picha. Sikatazi. Ila elewa kile kiukuta kinachozunguka paa ni mtindo wa sehemu zenye mvua kidogo, na hata kwao kinawashinda mvua ikizidi. Mnakumbuka tarehe 16 Aprili 2024, karibu na Al Ain pale Falme za Kiarabu ilinyesha zaidi ya milimita 250 ndani ya siku moja. Wenzangu wa Muscat walinitumia video wiki ile, paa limekuwa bwawa.

Wewe sasa upo chini ya Kilimanjaro au Meru, una masika na una vuli. Piga hesabu, milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 150 likipata milimita 50 hizo ni lita 7,500, zote zimezungushiwa ukuta na zinategemea kabomba kamoja ka inchi mbili kenye majani ya mjakaranda. Halafu Januari na Februari jua la Moshi limeshafanya kazi yake kwenye bati, raba za misumari zimekakamaa, misumari imeinuka, plasta kati ya ukuta na bati imeachia. Aprili ndo unalia.

Kwa hiyo kabla hujanunua chochote tafuta maji. Yanadondosha saa ngapi? Mvua ikianza, ikiwa katikati, au imeshakata? Yakija mara mvua inapoanza tundu liko karibu na wazi, mara nyingi msumari au bati lenyewe. Yakichelewa nusu saa, kuna mahali yanajaa kwanza. Yakija asubuhi ya Julai Arusha bila mvua, hilo ni jasho la bati, baridi ya usiku, hapo unahitaji hewa ipite juu ya dari na sio silikoni. Yakija usiku pasipo mvua angalia tangi na bomba. Ingia juu ya dari na tochi, fuata alama ya maji kwenye kenchi na papi, zile mbao zinazobeba bati, kuelekea juu, maji yanafuata mbao kabla hayajadondoka. Kama doa liko karibu na taa zima swichi kubwa kwanza, tafadhali.

Usipoona, subiri siku kavu chukua mpira wa maji, mtu mmoja juu mwingine ndani. Anza kumwagia chini kabisa ya paa, dakika kama ishirini sehemu moja, ndo upande kidogo. Ukianza juu maji yatashuka yatapita matundu yote na hutajua ni lipi. Najua inachosha, wengi wanaacha dakika ya tano. Usiache. Na ukitembea kanyaga kwenye mistari ya misumari, hapo chini kuna papi, na usipande bati likiwa limelowa.

Ukishaona ndo unatengeneza. Bati lisuguliwe na brashi ya waya lioshwe likauke, juu ya vumbi la huku kwetu hakuna kinachoshika. Silikoni yenye harufu ya siki usiweke kwenye bati, inakula zinki, baada ya muda una kutu na tundu kubwa kuliko la mwanzo. Msumari ulioinuka usiugongee hapo hapo, ng'oa, weka skrubu nene yenye raba mpya, na iwe mgongoni mwa bati sio bondeni. Sehemu ya ukuta na bati plasta peke yake haitakaa, weka bati la kukunja limeingia ndani ya ukuta.

Na mafundi wenzangu, hasa vijana, mwenye nyumba akikuuliza tatizo ni nini na hujaliona, mwambie mama, bado sijaona, nitarudi mvua ikinyesha. Atakuona huna haraka na hela yake, na ni kweli. Mi nilishindwa kusema hayo maneno nikapaka mara tatu. Na nyie wenye nyumba mlipeni mtu kwa siku ya kutafuta, msiseme mbona hajafanya kitu.

Dada wa Moshono alinijibu kesho yake baada ya kuvizia mvua. Haidondoshi mvua inapoanza, inaanza kama baada ya nusu saa, na inaendelea hata mvua ikikata. Jumamosi nikapanda Kosta na mpira wangu. Nikakuta gata la zege, mfereji wa maji ya paa, nyuma ya ukuta, lile bomba la kutolea maji fundi alilisimamisha sentimita tatu juu ya sakafu ya gata, kwa hiyo maji lazima yajae kwanza ndo yatoke, na yakijaa yanapita kwenye ufa ulioko chini ya ncha za bati. Chupa zote kumi na moja zilikuwa zimepakwa kwenye misumari huko juu, mbali kabisa na hapo. Tumeshusha bomba, tumeongeza la pili la inchi nne, tumetoboa na tundu la dharura ukutani, gata limekaushwa limepakwa upya. Tulipofungua maji yakaruka nje kwenye migomba, mtoto wake mdogo akakimbilia chini ya bomba kuoga.

Dari la sebule hatujalipaka rangi. Nimemwambia asubiri mvua mbili kubwa zipite, doa lisikue, ndo aite fundi wa rangi.